Mzee wa miaka 71, mtoto wa miaka 9 na mechi ya Simba pale Lake Tanganyika: niende nao?

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Ujiji. Baba yangu ana miaka 71, ana presha, na goti la kulia linamsumbua, anatembelea mkongojo. Ni Simba wa kufa. Fainali ya 2021 aliikosa kwa sababu nilikuwa safarini na hapakuwa na wa kumpeleka, sasa anasema Simba wakija tena kucheza na Mashujaa lazima awe uwanjani. Mwanangu wa miaka 9 naye kasikia, hatulali. Mke wangu amekataa kabisa. Anasema uwanjani watu wanakanyagana, akanitajia ya Moshi na ya Dar. Jirani ananiambia nikate VIP yaishe. Mwingine anasema bora twende kibanda umiza, ni salama zaidi. Uwanja ule wa Lake Tanganyika hapa Kigoma nimeuzoea tangu utoto lakini sijawahi kwenda na mtu wa kumlinda. Je, ni hatari kweli? Tufike saa ngapi, tukae wapi, tutoke vipi? Na kwa kuwa uwanja ni wa CCM, likitokea la kutokea nani anawajibika?"*

Marahaba. Nikupe msimamo wangu mapema ili usisome kwa wasiwasi: mzee mpeleke. Mtoto, kwa mechi hii, ningemwacha nyumbani, na huko mbele nitakuambia mechi ambayo ningempeleka. Mkeo usimbishie. Anachokiogopa kipo kweli, ila hakikai pale anapodhani, na ukishajua kinakaa wapi, kukikwepa si kazi kubwa.

Wengi wetu tukisikia maafa ya uwanjani tunawaza watu wanaokimbia ovyo wakiwakanyaga wenzao, au wahuni waliolewa wanaotafuta ugomvi. Hayo hutokea, lakini siyo yanayoua wengi. Anayekufa kwenye msongamano mara nyingi hufa akiwa amesimama. Kifua kinabanwa mbele na nyuma, mbavu zinakosa nafasi ya kutanuka, pumzi ikitoka hairudi. Na hakuna aliyekusudia kumdhuru. Aliye nyuma anasukuma kidogo tu, wa nyuma yake naye kidogo, kila mmoja anaona msukumo wake si kitu. Ikijumlishwa ya watu mia kadhaa inakunja chuma cha uzio. Wa nyuma haoni kinachoendelea mbele, na wa mbele hana sauti ya kumfikia wa nyuma.

Wanaosomea umati hupima kwa kuhesabu watu waliosimama ndani ya mita moja ya mraba. Wakiwa 2 au 3, unatembea unavyotaka. Wakifika 4 au 5, unaguswa pande zote na unaanza kuhesabu hatua. Wakifika 6 au 7, miguu yako si yako tena: umati wote unayumba pamoja, ukienda kushoto nawe unaenda kushoto, na unaweza kunyanyuliwa juu ya ardhi ukashuka mita kadhaa mbele bila kiatu. Hapo ukakamavu hausaidii. Hata askari aliyetoka mazoezini asubuhi atabebwa vilevile.

Sasa tazama mifano ya mkeo. Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa kwenye ibada ya uwanja wa wazi, jioni, pale kila mtu alipotaka kupita sehemu moja kwa wakati mmoja akanyage mafuta ya upako. Hapakuwa na mechi, hapakuwa na pombe. Dar, Machi 2021, watu 45 walipoteza maisha katika msongamano wa kumuaga Rais Magufuli Uwanja wa Uhuru. Wale walikuwa waombolezaji. Kwa hiyo kinachoua si ushabiki wala utani wa Simba na Yanga. Kinachoua ni watu wengi, njia nyembamba na dakika chache.

Waingereza walichelewa mno kulikubali hili. Aprili 15, 1989, kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walirundikana nje ya mageti machache huku muda wa mechi ukikaribia. Ili kupunguza mbano wa nje, likafunguliwa geti kubwa. Watu wakaingia kwa wingi, wakafuata njia iliyokuwa mbele yao moja kwa moja hadi kwenye vizimba vya katikati ambavyo tayari vilikuwa vimejaa, wakati vizimba vya pembeni vilikuwa na nafasi. Mechi haikucheleweshwa. Waliokufa ni 97. Kwa miaka mingi walilaumiwa mashabiki, eti walikuwa walevi na wakorofi, mpaka mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilipotamka kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Naileta habari hii kwa sababu inaonyesha jambo moja waziwazi: tatizo lilianzia nje, getini, likaua ndani.

Kwa hiyo tuzungumzie geti. Ukimimina mawese kutoka kwenye dumu kwenda kwenye chupa ya mdomo mwembamba, kinachoamua ni mdomo wa chupa. Ukizidisha kasi unamwaga tu. Mwongozo wa usalama viwanjani unaotumika Uingereza unasema geti moja la kuzunguka, lile la kupita mtu mmoja mmoja, lisihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Hiyo ni kama watu 11 kwa dakika, mambo yakienda vizuri. Tuseme uwanja fulani una njia nne za namna hiyo. Kwa nusu saa zitapitisha watu 1,320. Wakija watu 5,000 nusu saa kabla ya mpira kuanza, kipenga kinapulizwa na 3,680 bado wako nje, wanasikia kelele za ndani, na kila kelele inawasogeza hatua moja mbele. Na sisi getini tuna mgambo anayechana tiketi kwa mkono, askari anayepapasa mifuko, bwana mmoja anayebisha kwamba tiketi yake si feki, na nusu ya geti iliyofungwa ili watu wasipenye. Umewahi kuona watu wanainua tiketi juu ya vichwa, mikono imenyooka? Mara nyingi si mbwembwe. Mikono haina tena nafasi ya kushuka.

Uwanja wako unajua kuvuta watu, na historia yake ya karibuni inasaidia kuelewa utakachokutana nacho. Ile fainali aliyoikosa mzee, ya Kombe la Shirikisho la Azam, ilikuwa Julai 25, 2021. Simba na Yanga, mwisho wa reli. Yanga walicheza pungufu baada ya Mukoko Tonombe kuoneshwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na Taddeo Lwanga akafunga kwa kichwa dakika ya 79 kutokana na kona ya Luis Miquissone. Moja bila, kombe likaenda Msimbazi. Siku ile ilikuwa sikukuu ya aina yake kwa mji ambao haukuwa na timu Ligi Kuu. Mashujaa, timu ya JWTZ, walipopanda kwa msimu wa 2023/24, hali ikabadilika: vigogo sasa wanakuja kila msimu, na uwanja unaojaa wastani kwenye mechi za kawaida unapaswa kuhimili umati wa sikukuu siku mbili au zaidi kwa mwaka. Hiyo ndiyo sehemu ngumu. Walinzi, wachana tiketi na hata mashabiki wenyewe wamezoea kasi ya mechi ndogo.

Kisha kuna namna mechi yenyewe inavyoisha, jambo ambalo watu hawalifikirii. Aprili 9, 2024, Mashujaa waliitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho la CRDB pale pale, kwa penalti 6-5 baada ya sare ya 1-1. Novemba 1 mwaka huohuo Simba wakarudi wakashinda 1-0 kwa bao la Steven Mukwala katika dakika za nyongeza. Februari 2025 Yanga wakaja wakapiga tano bila. Ukiniuliza ipi kati ya hizo ilikuwa rahisi kutoka, nitakujibu ile ya tano bila, hata kama iliwauma wenyeji. Timu ikishapigwa tatu, watu wanaanza kuondoka kidogo kidogo, mmoja anawahi bajaji, mwingine anawahi swala, na kipenga cha mwisho kinakuta robo ya uwanja imeshatoka. Mechi ya bila bila inayofika dakika ya 90, na zaidi ile ya penalti, haiachii mtu. Wote wamebaki, wote wamesimama, wote wanatoka kwa pamoja wakiwa na furaha au hasira. Ukiwa na mzee mwenye mkongojo, angalia ubao wa matokeo kwa macho mawili: moja la ushabiki, moja la kupanga namna ya kutoka.

Hapa nikusahihishe jambo linalopendwa kusimuliwa. Januari 2, 1971, kwenye uwanja wa Ibrox mjini Glasgow, watu 66 walikufa kwenye ngazi za kutokea baada ya mechi ya Rangers na Celtic iliyokuwa na mabao ya dakika za mwisho. Ilisemwa kwa muda mrefu kwamba waliokuwa wameshatoka walisikia kelele za bao wakageuka kurudi, wakakutana na wanaotoka. Uchunguzi ulikuta sivyo. Wote walikuwa wanashuka upande mmoja. Inaonekana mmoja alianguka, waliokuwa nyuma hawakuweza kusimama. Ndiyo maana ngazi za kutokea nazihofia zaidi hata ya geti la kuingilia, na ndiyo maana sikushauri kabisa mtoke dakika ya 90 kamili.

Toka mapema au toka mwisho. Mapema ni dakika ya 80, na najua mzee hatakubali, hasa kama ni bila bila. Basi iwe mwisho. Filimbi ikilia, kaeni. Nusu saa inatosha kwa kawaida. Mzee atakuwa na mengi ya kusema kuhusu mwamuzi, muda utaenda wenyewe. Mwambie dereva wa bajaji mapema kwamba mtachelewa, na mkubaliane akusubiri mbali na geti, kwenye kona mnayoijua wote wawili, kwa sababu simu siku hiyo zinaweza kusumbua. Bodaboda na goti lile sikushauri, achilia mbali barabara ya kurudi Ujiji siku Simba wameshinda.

Kufika. Kama mechi ni saa 10:00 jioni, uwe getini saa 8:00 mchana, na ikiwezekana saa 7:30. Najua ni jua, na najua mzee atachoka kukaa. Lakini kuchoka kwa kukaa kunatibika kwa maji na mwavuli. Tiketi uwe nayo mkononi tangu siku zilizotangulia, usiende kuinunua dirishani na mzee ubavuni. Mkifika mkakuta watu wameshabanana mpaka huoni miguu ya walio mbele yako, usijiunge. Rudini nyuma, kaeni kivulini, subirini. Kukosa dakika 20 za kwanza si msiba.

Kuhusu wapi mkae, watu huchagua kwa kuangalia wapi pana mwono mzuri wa goli. Wewe chagua kwa kuangalia mlango. Mkiwa na mzee mwenye goti, tafuta safu za chini au za kati, pembeni mwa njia ya kupitia, karibu na mlango wa kutokea lakini si kwenye mkondo wa watu wanaouelekea. Epuka uzio wa mbele. Bao likifungwa watu wote huuendea huo. Epuka pia katikati ya mzunguko, maana kutoka pale lazima upite magoti ya watu wengi. Nenda uwanjani siku ya kawaida kabla ya mechi, peke yako, ukazunguke. Wewe umeuzoea kwa macho ya kijana anayeruka ukuta. Sasa uangalie kwa macho ya goti la mzee. Ngazi zina kimo gani? Kuna cha kushikilia? Choo kiko wapi? Na muulize msimamizi yeyote utakayemkuta swali hili hasa: mpira ukiisha, mageti gani yanafunguliwa, na kuna mtu anakaa na funguo?

Swali la funguo si la kubabaisha. Accra, Mei 9, 2001, zaidi ya watu 120 walikufa baada ya polisi kufyatua mabomu ya machozi jukwaani na watu kukimbilia mageti waliyoyakuta yamefungwa. Malang, Indonesia, Oktoba 1, 2022, gesi ile ile, milango finyu, wakafa watu 135. Kanuni za FIFA haziruhusu gesi ya kutawanya watu ndani ya uwanja, na zinataka milango ya kutokea isifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani. Ukiona kufuli linaning'inia kwenye geti la kutokea mechi ikiendelea, mwambie askari aliye karibu. Wengi wao wataelewa. Na ukinusa gesi, usikimbilie geti la karibu na wengine. Mfunike mzee pua na mdomo kwa kitambaa, sogeeni pembeni mbali na moshi, msubiri mkondo upite.

Sasa jirani yako na VIP yake. Kwa mzee, jukwaa kuu ni wazo zuri, kwa sababu mbili tu: kiti cha kuegemea na paa. Usidhani umenunua usalama. Ukikata tiketi ghali halafu ukafika saa 9:50, utapita kwenye umati uleule wa nje. Na paa lina tabia yake. Mvua za Kigoma zinaanza Oktoba, na ikinyesha katikati ya mechi, waliokuwa mzunguko wanatazama sehemu moja tu yenye kivuli. Nimeona kwenye viwanja vya mikoani jukwaa kuu likijaa kupita kiasi ndani ya dakika tano kwa sababu ya wingu moja, na mgambo wawili wa mlangoni wakabaki kutazama. Mkiwa juu ya jukwaa mvua ikaanza, shukeni mkae pembeni mwa njia kabla wengine hawajapanda. Radi ikipiga na ngurumo ikafuata chini ya sekunde 30, msitoke kwenda kusimama chini ya mti wala kuegemea nguzo ya chuma, na msubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Mzee mwenyewe. Presha yake inanitia wasiwasi zaidi kuliko goti, na hapa siwezi kukujibu kwa maandishi. Kabla ya mechi mpeleke kliniki anakotibiwa, apimwe, na daktari aambiwe kinachopangwa: muda wa saa nne juani, kelele, msisimko. Si jambo la kuchekwa. Watafiti wa Ujerumani waliofuatilia Kombe la Dunia la 2006 katika eneo la Munich walikuta siku ambazo timu yao ilicheza, dharura za moyo zilifika mara 2.66 ya siku za kawaida, na waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo ndio walioathirika zaidi. Daktari akisema mwezi huu asiende, asiende. Akiruhusu, muulize kuhusu saa ya kumeza dawa. Baadhi ya dawa za presha zinapeleka mtu chooni mara kwa mara, na najua wazee wanaoziacha siku ya mechi ili wasisumbuke. Hilo ndilo kosa la kumkataza kwa nguvu zote. Chukua maji, chakula chepesi, kofia, na karatasi mfukoni mwake yenye jina lake, dawa anazotumia na namba yako ya simu.

Mtoto. Mwenye miaka 9 uso wake uko usawa wa tumbo na kifua cha mtu mzima. Katika umati yeye ndiye anayekosa hewa kwanza, na wewe unayetazama juu ya vichwa unaona kila kitu kiko sawa. Kumbeba mabegani kwenye mbano si suluhisho. Ukiyumba mnaanguka wote. Mtu mmoja, mikono miwili, huwezi kumshika mzee mwenye mkongojo na mtoto pamoja watu wakianza kusukumana. Kungekuwa na mtu mzima wa pili, kaka yako au shemeji, ambaye kazi yake ni mtoto tu, ningelegeza kidogo. Vinginevyo ratiba ya Ligi Kuu ikitoka, angalia Mashujaa wanacheza lini nyumbani na timu isiyojaza uwanja. Mpeleke siku hiyo. Atakaa mbele, atamwona kipa kwa karibu, atakula karanga na miwa, atakimbia jukwaani bila kupotea. Kwa umri huo atafurahi zaidi kuliko siku ya Simba, ambayo angeishia kuona migongo.

Kibanda umiza. Rafiki yako aliyekushauri huko hajafikiria mlango. Uwanja una mageti kadhaa na mbingu juu yake. Kibanda kina mlango mmoja, mabenchi yaliyopangwa hadi kizingitini, nyaya za umeme zilizoungwa, na watu wamekaa bega kwa bega siku ya mechi kubwa. Hapo jirani zetu Tabora, Sikukuu ya Idd mwaka 2008, watoto wapatao 20 walikufa ndani ya ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Kama mkeo atashinda na mkaamua kutokwenda, basi mechi tazameni sebuleni, au kwa jirani mwenye king'amuzi. Ukienda kibandani, kaa karibu na mlango.

Ikitokea mmebanwa licha ya yote haya, kuna mambo machache yanayosaidia. Mikono iwe mbele ya kifua, viwiko vimetanuka kidogo, ili kubaki na nafasi ya kupumua. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Mzee awe mbele yako, wewe mgongo wako uchukue msukumo. Usisukume kurudi nyuma dhidi ya umati. Kila umati unapolegea, sogea kimshazari kuelekea pembeni. Epuka kuishia kwenye ukuta au uzio. Mkongojo ukianguka, uache. Simu ikianguka, iache. Usipige kelele bila sababu, pumzi utaihitaji. Ukianguka na huwezi kuinuka, lala kiubavu, jikunje, funika kichwa.

Na baada ya hapo, mtu aliyebanwa kifua asirudi nyumbani kulala kwa kuwa anasema yuko sawa. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kikohozi cha damu, kuzimia hata kwa sekunde, kuchanganyikiwa, mkono au mdomo kulegea upande mmoja: mpeleke Hospitali ya Maweni siku hiyohiyo. Kwa mzee wa presha, usisubiri hata dalili mbili. Gari la wagonjwa huwa linasimama uwanjani siku za mechi kubwa. Mkiingia tu, tazama limeegeshwa upande gani.

Lililobaki ni la CCM. Viwanja vingi vya mikoani, cha kwenu Kigoma, Ali Hassan Mwinyi Tabora, Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya na vingine, vinamilikiwa na chama. Vingi vyao ni vya enzi ya chama kimoja, wakati michango ya wananchi, nguvu kazi na mali ya chama na ya serikali havikutenganishwa sana. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja vikabaki kwa CCM, na mjadala kama hiyo ilikuwa haki haujaisha. Mimi nina maoni yangu: anayekusanya pato la uwanja ndiye anayepaswa kuupanua mlango, na pale mmiliki ni mmoja, timu mwenyeji ni mwingine na msimamizi wa ligi ni wa tatu, mlango hubaki finyu kwa miaka. Lakini kwa swali lako, umiliki hauwaondolei wengine wajibu. Bodi ya Ligi hukagua viwanja na ina mamlaka ya kuufungia usiokidhi kanuni. Timu mwenyeji inaandaa mechi. Polisi wanasimamia umati. Mmiliki anawajibika kwa majengo yake. Nani kati yao alipe, hilo linategemea kilichotokea, na ni la wakili au kituo cha msaada wa kisheria, si langu. Wewe kazi yako ni ushahidi: matibabu kwanza, kisha ripoti polisi upate PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumia, piga picha ya mahali ilipotokea, chukua namba za watu wawili walioona, na kipande cha tiketi usikitupe.